Sakafu ya Jiko: Asili Yake na Namna ya Kuichagua



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu ambacho kila mtu hukikanyaga wala hakitazami, nacho ni sakafu ya jiko. Mwenye nyumba atakapo kulitengeneza upya jiko lake, kwanza hufikiri paa, kisha kuta, kisha meko na mahali pa kuwekea vyombo. Sakafu huikumbuka mwisho, wakati fedha zimekwisha kupungua. Hapo hununua kitu cha kwanza akionacho dukani, na baada ya mwaka mmoja au miwili hununua tena.

Kumbe hakuna chumba kinachoitesa sakafu kama jiko. Humwagika maji, mafuta na mchuzi. Huanguka sufuria na makaa ya moto. Hupita miguu tangu alfajiri hata usiku. Na papo hapo hutambaa mtoto mchanga, akiokota alionalo na kulitia kinywani. Kwa hiyo sakafu ya jiko yapasa iwe na mambo matatu pamoja: idumu, isafishike, tena isizidi uwezo wa jamaa. Watu wa kale walilitafutia jambo hili majibu mbalimbali, nasi twaona kwamba mtu ayajuaye majibu yao hatadanganyika upesi na mng'ao wa dukani.

Sakafu ya kwanza ya wanadamu wote ni ardhi yenyewe. Lakini asidhani mtu kwamba sakafu ya udongo haina ufundi. Katika nchi nyingi za bara la Afrika Mashariki wenyeji walichagua udongo kwa uangalifu, na uliopendwa sana ni ule wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameusaga na kuushikamanisha. Uliloweshwa, ukatandazwa, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu. Kisha kina mama waliusiriba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji, pengine na majivu, ili vumbi lishikamane na nyufa zizibwe. Kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara. Gharama yake haikuwa fedha, bali ilikuwa mikono ya wanawake wa nyumba, na mikono hiyo haikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Wala sakafu ya namna hii si jambo la Afrika peke yake. Katika karne ya 16 Erasmus, mwanachuoni mashuhuri wa Uholanzi, aliandika barua akilaumu nyumba za Uingereza, kwamba sakafu zake zilikuwa za udongo uliotandikwa matete, nayo matete ya chini yakiachwa miaka mingi yakioza pamoja na mabaki ya chakula na uchafu wa mbwa. Aliamini kwamba maradhi ya nchi ile yalitokana kwa sehemu na sakafu hizo.

Erasmus hakuwa na hadubini ya kuthibitisha neno lake, lakini sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1872 meli moja iliyotoka Rio de Janeiro katika Brazili ilifika Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito. Katika mchanga huo walikuwamo funza, ambao wengine huwaita tekenya, wadudu wadogo waingiao katika nyama ya vidole vya miguu. Kutoka Angola waliifuata misafara ya wapagazi na ya askari, wakalivuka bara zima, na kabla karne ile haijakwisha walikuwa wamekwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki. Mdudu huyu hukulia katika mchanga na mavumbi makavu. Alipoikuta sakafu ya udongo isiyosiribwa, alikuta nyumba yake mwenyewe. Watu wengi walipotewa na vidole, na wengine hawakuweza tena kwenda shamba.

Tena yuko papasi, yule kupe asiyekaa mwilini mwa mtu, bali hujificha mchana katika nyufa za sakafu na za kuta, akatoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Wenyeji walijua zamani kwamba huleta homa, ingawa wageni wengi hawakusadiki. Mwaka 1905 madaktari wawili, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walithibitisha huko Kongo kwamba papasi ndiye achukuaye homa ya vipindi, yaani homa imwachayo mgonjwa siku chache kisha ikamrudia. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyo, akafariki mwaka huohuo, umri wake miaka 30. Karibu na wakati huo Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, aliwachunguza papasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaona vijidudu vya ugonjwa hata ndani ya mayai yao. Hivyo ufa mdogo karibu na mafiga, ambao mwenye nyumba aliuona kuwa si kitu, ulikuwa mlango wa maradhi. Wahenga walinena: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa asiyeziba ufa huenda akachimba kaburi.

Watu wa pwani walikuwa na jibu jingine, na habari yake imo ndani ya neno lenyewe. Neno sakafu lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ni paa. Imekuwaje paa kugeuka kuwa mahali pa kukanyaga? Sababu yake yaonekana katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe. Juu ya mawe hutiwa kifusi na chokaa. Paa la chumba cha chini ndilo sakafu ya chumba cha juu. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba mzigo huo ikiwa ndefu mno, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu.

Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya chungu kubwa ya kuni, kisha kuizima kwa maji na kuiacha muda mrefu ipoe na kulainika. Ilipokwisha kumwagwa, kazi ya kusakifu ilianza. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, walijipanga kwa safu wakaipiga kwa fimbo siku nyingi, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Kupiga huko hakukuwa mchezo. Chokaa ikauke polepole huku ikipigwa, hewa itoke, maji yapande juu, na nyufa zianzazo zizibwe kabla hazijakomaa. Sakafu iliyoharakishwa ilipasuka, na mvua ya masika ya kwanza ilimfedhehesha fundi wake.

Jambo la kutazamwa sana ni kwamba katika nyumba nyingi za mawe za Lamu jiko lilikuwa juu kabisa, darini, chini ya kibanda cha makuti. Moshi ulikwenda zake na joto halikuingia vyumbani. Basi jiko hilo liliwekwa juu ya sakafu iliyopaswa kuvumilia moto wa mafiga, maji ya kuoshea samaki na mvua ya upande, tena isivujishe tone kwa walio chini. Chokaa iliyopigwa vema iliyavumilia hayo yote, na ilipochakaa ilizibwa kwa chokaa nyingine, bila kung'oa kitu.

Kupiga sakafu kwa mikono ya wengi hakukuanza kwetu. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Kristo, aliandika kwamba chini yatiwe mawe yasiyopungua ukubwa wa kujaza mkono, juu yake kifusi kilichochanganywa na chokaa, na kifusi hicho kipigwe kwa miti na makundi ya watu mpaka kishikamane. Sakafu nzuri ya juu ilikuja baadaye, nayo haikudumu ila kwa nguvu ya ile iliyofichwa chini.

Vitruvius huyo huyo aliisifu sakafu moja ya Wayunani, rahisi kwa bei na yenye manufaa, waliyoiweka katika vyumba vyao vya kulia wakati wa baridi. Walichimba kama futi mbili, wakashindilia, wakatia kifusi au vigae vilivyovunjika, kisha makaa yaliyokanyagwa sana, na juu yake mchanganyiko wa mchanga, chokaa na majivu, unene wa nusu futi, uliosuguliwa mpaka ukawa sawasawa na mweusi. Kilichomwagika hapo kilikauka mara moja, na watumishi waliokwenda miguu mitupu hawakuona baridi. Makaa na majivu, takataka za meko, ndizo zilizofanya sakafu. Yatubidi kukumbuka habari hii, maana yaonyesha kwamba urahisi wa bei na ubora si maadui siku zote.

Mambo yaligeuka tarehe 21 Oktoba 1824, Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipopewa hati ya kuimiliki namna yake ya kutengeneza saruji. Aliita saruji ya Portland, kwa kuwa ilipokauka ilifanana na mawe ya kisiwa cha Portland. Chokaa hutaka miezi, lakini saruji hukaza kwa siku chache, tena hukaza hata ndani ya maji. Huku kwetu saruji ililetwa kwa meli kwa muda mrefu, na bei yake ilikuwa ya wenye nacho: ofisi, maghala, shule, mahospitali. Katika miaka ya 1950 ilianza kutengenezwa kwa wingi karibu nasi. Kiwanda cha Tororo katika Uganda kilifunguliwa mwaka 1953, cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kazi mwaka 1954, na cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam mwaka 1966. Tangu hapo fundi wa mtaani aliweza kuipiga sakafu ya saruji, akaimalizia kwa niru laini, pengine akiitia rangi nyekundu na kuisugua kwa nta hata ikang'aa. Sakafu hizo nyekundu bado zaonekana katika majiko mengi ya zamani, zimefifia rangi mahali pa kusimama mpishi, lakini zingali nzima.

Huko Ulaya mtu mwingine alikuwa akiitafuta njia tofauti. Frederick Walton, Mwingereza, aliona utando mgumu na wa kunyumbuka juu ya rangi ya mafuta iliyoachwa wazi. Utando huo ulitokana na mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hukauka yakikutana na hewa. Aliyachanganya mafuta hayo yaliyokaushwa na unga wa gome la mti wa koki, akayabana juu ya kitambaa. Mwaka 1863 alipata hati yake, na mwaka uliofuata kiwanda chake huko Staines kilianza kazi. Kitu hicho alikiita linoliamu, jina lililofanywa kwa maneno mawili ya Kilatini, kitani na mafuta. Kilienea katika majiko ya Ulaya na Marekani kwa sababu kilikuwa chepesi kufagia na kupigwa deki, hakikuwa baridi mguuni, na jamaa ya kipato cha kati iliweza kukinunua.

Baada ya vita vya pili vya dunia linoliamu ilishindwa sokoni na vinaili, yaani plastiki, iliyokuwa rahisi zaidi. Lakini vingi vya vigae vya vinaili vya miaka ile vilichanganywa na asbesto, na mtu avivunjaye leo aweza kuvuta pumzi yenye nyuzi zidhuruzo mapafu. Anayelitengeneza upya jiko la nyumba ya zamani na kuvikuta asivipige nyundo wala kuvisugua kwa msasa. Afadhali amwite ajuaye kazi hiyo, au aviache vilivyo, ikiwa ni vizima, na kuvifunika.

Sasa twaja kwa siku za karibu, maana swali la udongo na saruji lilipata majibu mawili ambayo kila mwenye jiko yafaa ayajue. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila katika Meksiko lilianza kuzipa jamaa maskini zege la kufunika sakafu zao za udongo, kiasi cha mita za mraba 50 kwa nyumba. Wataalamu wa elimu ya uchumi walizilinganisha nyumba hizo na nyingine za jirani, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ambazo hazikupata, na mwaka 2009 walichapisha waliyoyaona. Waligundua kwamba pale ambapo udongo wote uliondolewa na saruji kuwekwa, maradhi ya minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto wadogo yalipungua kwa 78 katika kila 100, kuharisha kwa 49, na upungufu wa damu kwa 81. Hata mama zao walikuwa na furaha zaidi. Hawakupewa dawa wala chakula, ila walipewa sakafu tu.

Jibu la pili latoka Rwanda. Katika miaka ya 2010 kampuni iitwayo EarthEnable ilianza kuwawekea watu sakafu za udongo wenyewe, lakini kwa utaratibu mpya. Changarawe, udongo mwekundu, mchanga na udongo wa mfinyanzi hushindiliwa tabaka juu ya tabaka, na mwisho hupakwa mafuta yakaukayo, ambayo hufanya utando mgumu usiopenya maji. Mafuta waliyoanza nayo ni yale yale ya mbegu za kitani aliyoyatazama Walton. Sakafu hiyo huoshwa kwa maji, haitoi vumbi, na bei yake ni chini sana ya zege. Kwa hiyo hatuwezi kusema tena kwamba udongo ni adui. Kilichowaumiza watu ni vumbi na ufa, na vumbi na ufa vyaweza kufungwa kwa njia zaidi ya moja.

Tukiziweka habari hizi zote pamoja, twaona kwamba sakafu zilizodumu zilifanana kwa mambo mawili, ingawa zilitofautiana kwa kila kitu kingine. Kwanza, chini yake palishindiliwa. Pili, zilipochakaa, watu wa nyumba ile au fundi wa mtaa ule waliweza kuzitengeneza kwa vitu vilivyo karibu. Basi kwa mizani hiyo na tuyapime yaliyoko dukani leo.

Kapeti la plastiki ni rahisi siku ya kununua. Lakini kaa moja la moto hulitoboa, maji huingia chini yake yasionekane, na likichanika halishoneki. Kwa jiko la mkaa au la kuni twaona si akiba. Vigae vya kauri havichomeki wala havinywi mafuta, na hudumu maisha, kwa sharti kwamba zege la chini ni imara; la sivyo hulia kama debe tupu na kupasuka. Anunuaye na achague vyenye uso wa kukwaruza kidogo, kwa maana vile ving'aavyo huteleza vikimwagiwa maji ya sabuni, na mpishi aliyebeba chungu cha uji wa moto hana mkono wa kushikia ukuta. Tena anunue vichache vya akiba, kwa kuwa rangi ile ile huenda asiione tena dukani.

Kwa jamaa iliyo nyingi na yenye fedha kidogo, sisi twaishauri saruji iliyopigwa vema. Tutoe mfano wa jiko la mita 3 kwa 3. Ardhi ikishashindiliwa, huwekwa zege la unene wa sentimita 7 na nusu, kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6, na juu yake tabaka la sentimita 2 na nusu la saruji 1 na mchanga 4. Kazi yote hiyo hula mifuko kama 5 ya kilo 50. Fundi aiteremshe kidogo kuelekea mlango au tundu la maji, ili maji ya kudeki yasitwame. Kisha sakafu ifunikwe na kumwagiwa maji kwa muda wa siku 7 bila kukosa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Saruji haikazi kwa kukauka, bali hukaza kwa kunywa maji, na ile iliyoachwa juani siku ya kwanza hutoa vumbi miaka yote. Akipata fedha baadaye, mwenye nyumba aweza kutia vigae juu yake, na hata senti moja ya kazi ya kwanza haitakuwa imepotea.

Na yule asiyeweza hata mifuko hiyo mitano, asikate tamaa wala asione haya. Ashindilie udongo mzuri, azibe kila ufa upesi, aondoe vumbi kila siku, na aanze na mahali pale mtoto anapotambaa na mama anaposimama kupika. Haba na haba hujaza kibaba. Robo ya jiko ikitiwa saruji mwaka huu, robo nyingine mwaka ujao, katika miaka minne kazi imekwisha bila deni.

Ujapo wakati wa kulitengeneza jiko lako, basi, usianze kwa kuuliza sakafu gani inapendeza. Uliza kilicho chini yake kimeshindiliwaje, uliza nani ataiziba itakapopasuka na kwa kitu gani, kisha mtazame mtoto wako anayetambaa hapo na uulize kama waweza kumwacha aokote punje iliyoanguka. Ukipata majibu mema kwa hayo matatu, bei utakayolipa itakuwa halali yake.